Kisichofuata Namba Hakishonwi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana.

Daftari hili ameniletea kaka. Jalada jeusi, gumu, lakini limeshonwa na mtu mwenye haraka: uzi umeruka matundu mawili na gundi imemwagwa kama uji. Nimelifumua na kulishona upya kabla sijaandika neno. Siwezi kuandika juu ya kazi mbovu.

Kaka anataka niandike kila ninachokiona kwa Chiriku mpaka mvua ziishe. Kisha tutakaa, yeye na mimi, tusome, tuamue kama mtoto abaki hapa au apelekwe ile shule ya bweni ya mbali, yenye ukuta mrefu, ambako hata likizo wanazimalizia humo humo. Kaka ni mpima ardhi. Kwake kila kitu kina mpaka, na mpaka usipochorwa hapati usingizi.

Basi niandike mambo yalivyo. Chiriku ni mtoto wa mdogo wangu. Baba yake alimuua mama yake, jikoni, mtoto akiwa na miaka miwili, amekaa sakafuni na kijiko mkononi. Mimi ndiye niliyemwinua pale sakafuni. Sasa ana miaka kumi na sita. Jina la Chiriku nilimpa mimi, maana alipoanza kusema hakunyamaza. Tulimwambia wazazi wake walikufa kwenye ajali ya gari. Mimi ananiita Mama.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka gerezani: yule mtu amekufa kwa mapafu. Kaka aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Sasa ile damu imebaki kwa mmoja tu."

Sikuhisi kitu. Nilikuwa nakoroga gundi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Amekula, ameosha vyombo, amelala. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Jana mkuu wa maktaba aliniletea kazi ya haraka. Mimi ni mshona vitabu. Nina chumba changu nyuma ya maktaba, meza moja, kibanio kimoja, kisu kimoja, na dirisha lisilofungika. Kazi yenyewe ni riwaya ya zamani ya kutisha, haina jalada, imelowa mpaka mgongoni. Mwalimu wa fasihi wa shule ya kina Chiriku anataka kuifundisha muhula huu, na nakala iliyobaki ni hiyo tu. Nikimaliza wataitolea nakala, kila mwanafunzi apate yake.

Huwa sisomi ninachoshona. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema mshona vitabu anayesoma ni sawa na mpishi anayeshiba kabla ya wageni. Lakini kurasa zilizolowa lazima uzitenganishe moja moja, na jicho halina pazia. Kuna daktari mmoja anaishi kwenye nyumba kubwa juu ya kilima. Anamchukua mtoto wa mtu aliyenyongwa kwa mauaji, anamlea, ili aone kama uovu hurithiwa kama rangi ya macho. Kila siku anaandika alichokiona. Kitabu chote ni maandishi ya daktari.

Nilicheka kidogo, peke yangu, nikaendelea kupanga karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Kitabu hakishonwi karatasi moja moja. Karatasi kubwa hukunjwa mpaka itoe kurasa kumi na sita, na huo ndio mkunjo. Mikunjo hupangwa kwa namba za kurasa, kisha uzi hupitishwa mgongoni. Leo nimepanga ya riwaya, ikatimia kumi na tano, ukabaki mmoja. Huo mmoja herufi zake ni za kulala, si za kusimama kama nyingine, na namba zake zinaanzia moja. Hauna jina la kitabu wala la sura.

Kwenye chumba chetu kuna sheria, fundi wangu aliikuta na mimi nimeikuta: kisichofuata namba hakishonwi. Maktaba ikilowa, kurasa za vitabu tofauti huokotwa pamoja, na ukishona cha huyu kwa yule umeharibu viwili. Nimeuweka ule mkunjo kwenye droo. Mwenyewe akijitokeza atauchukua.

Ijumaa, 14 Machi

Kaka alipita jioni kutazama. Chiriku alikuwa jikoni anakata vitunguu, huku anacheka peke yake jambo la shuleni. Kaka alisimama mlangoni kwa muda. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameona mtoto anavyoshika kisu, kidole cha shahada kimelala juu ya mgongo wa kisu, kama baba yake. Nikamwuliza lini alimwona baba yake anakata kitu. Akasema mtu huwa anajua tu.

Jirani yetu, fundi cherehani, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja, alikuwa kaja kuomba chumvi. Alisikia mwisho wa maneno. Kaka hakuona haya, akamwambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Jirani akasema yeye anajua ile nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kama kaka ana haja ya kupima kitu akapime mtaro wa nyuma, maji yanaingia kwake. Akaondoka na chumvi.

Naandika: Chiriku hushika kisu kidole kikiwa juu. Hucheka peke yake.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Juu ya kitanda cha Chiriku dari ina doa la maji, la ukubwa wa sahani.

Alhamisi, 20 Machi

Kisu changu cha kazi hakimo mkobani. Nimekitumia miaka ishirini, butu siku hizi, nakilalamikia kila nikirudi nyumbani. Jana kilikuwemo.

Sijamwambia kaka.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia kaka.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimetimiza miaka hamsini na moja. Mvua tangu alfajiri.

Kisu kimerudi mkobani. Kimenolewa. Nimekipitisha kwenye karatasi, kimekata bila sauti. Nilimwuliza Chiriku nani ameshika mkoba wangu. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kitu. Alinitazama, ule uso ukaondoka, akasema hajui.

Naandika: amesema uongo, bila kupepesa. Kaka anauliza mtoto wa shule anole kisu ili akate nini. Ningeogopa kama ningekuwa na nguvu ya kuogopa; nilichofanya ni kuhamisha visu vya jikoni kwenye kabati langu la nguo.

Jumanne, 25 Machi

Ile riwaya imefika darasani. Wanafunzi wamejadili kama yule mtoto alizaliwa mwovu au alifanywa mwovu, wakapiga kura, thelathini na tisa wakasema alizaliwa hivyo. Chiriku peke yake alikataa. Alinisimulia wakati tunakula, na kwa muda alirudi kuwa Chiriku wangu, maneno yanamtoka kama njugu kwenye kikaango.

"Daktari anaandika kwamba mtoto alitabasamu vibaya," alisema. "Sasa Mama, tabasamu hilo aliliona nani? Daktari. Kalamu ni yake, macho ni yake. Mtoto mwenyewe hajasema neno kitabu kizima."

Nikamwuliza mwalimu alijibuje. Akasema mwalimu alikuna kichwa, akawaambia aliisoma zamani akiwa msichana, na anakumbuka kama kulikuwa na sehemu ya mtoto mwishoni, lakini labda anachanganya na kitabu kingine.

Ule mkunjo wa droo ulinijia kichwani. Ukapita.

Kisha akaniuliza siku hizi naandika nini kila jioni. Nikamwambia orodha ya vitabu vilivyolowa. Akasema, "Lazima ni vingi." Akaenda kuosha vyombo. Doa la dari sasa ni sinia.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeitwa shuleni. Msichana wa darasa la Chiriku ameanguka ngazini, ngazi kumi na moja, meno mawili ya mbele yamekatika. Anasema alisukumwa na Chiriku. Ngazi zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyeona.

Chiriku hakukana wala hakukubali. Alisimama mbele ya meza ya mkuu wa shule, mikono nyuma, anatazama maji yanavyoshuka kwenye kioo. Mkuu wa shule akamwuliza mara tatu. Mwishowe nilimwuliza mimi. Akasema, "Mama, wewe unaonaje?"

Niligeuka kumtazama mkuu wa shule. Amesimamishwa wiki tatu.

Njiani alinishikia mwavuli. Nilijikuta natembea hatua moja nyuma yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Kaka amekuja na komeo, kufuli na misumari minne. Amelipigilia kwenye mlango wa chumba cha Chiriku, kwa nje. Anasema si adhabu, ni tahadhari, kwa zile saa ambazo mimi niko kazini na hakuna wa kumtazama. Ndani tumeweka maji, chakula, ndoo yenye kifuniko, taa, vitabu vyake. Dirisha lina nondo tangu nyumba ilipojengwa.

Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Ni kwa sababu ya ngazini?" Nikasema ndiyo. Akaingia mwenyewe. Nilifunga, nikavuta kufuli mara moja kuhakikisha, kama ninavyovuta uzi mwisho wa mshono, nikaenda kazini. Nilishona vitabu vitatu. Nilishona vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Jirani ameuliza mbona Chiriku haonekani. Nimemwambia ana homa. Ameleta supu. Nimeinywa mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Funga saa mbili asubuhi, fungua saa kumi. Hasemi. Doa limekuwa kubwa kama meza, katikati limetumbukia kama tumbo la godoro bovu. Kaka anasema atatuma fundi mvua zikipungua.

Naandika: siku hizi hacheki.

Alhamisi, 10 Aprili

Funga, fungua.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Haya ni ya jana.

Jana asubuhi mkuu wa maktaba alituma mtu: maji yameingia chumba cha nyuma, njoo upesi. Jumamosi si siku yangu ya kazi. Nilimwekea Chiriku chai na mkate. Alikuwa amekaa pembeni kabisa ya kitanda, anatazama juu. Akasema, "Mama, dari inatoa sauti." Nikasikiliza. Nilisikia mvua. Nikamwambia nitarudi saa sita, nikafunga, nikatia ufunguo kwenye mfuko wa aproni yangu.

Kazini maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tulipandisha vitabu juu ya meza, mkuu wa maktaba na mimi. Alipokwenda kutafuta pampu, nilivuta droo yangu. Ilikuwa imevimba, ikakataa, nikaivuta kwa miguu na mikono mpaka ikatoka yote. Ule mkunjo wa herufi za kulala ulikuwa unaelea humo.

Kurasa zilizolowa ukiziacha zishikane, zikikauka zimekuwa ubao, hakuna wa kuzifungua tena. Nikakaa, nikaanza kuzitenganisha, karatasi kavu katikati ya kila mbili. Na nikasoma.

Ilikuwa ni sehemu ya mtoto.

Anasimulia siku zile zile za daktari. Daktari aliandika kwamba mtoto alimnyonga ndege. Mtoto anasema alimkuta ndege amekufa chini ya dirisha, akamshika shingo kwa sababu kichwa kilikuwa kinaning'inia. Daktari aliandika kwamba mtoto hacheki. Mtoto anasema hapo mwanzo alikuwa akicheka, lakini kila akicheka daktari alichukua kalamu, basi akaacha. Daktari alimaliza kitabu kwa kusema mtoto amechoma mapazia ya chumba chake, damu imesema. Mtoto anasema aliiangusha taa gizani akijaribu kufika dirishani, moshi ulipomzidi akaenda mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Basi. Kurasa kumi na sita. Nilikuwa nimewanyima watoto arobaini kurasa hizo, kwa sababu namba zake zilianzia moja.

Nilichukua kisu nikate uzi wa zamani uliobaki mgongoni mwa ule mkunjo. Nikatazama mkono wangu. Kidole cha shahada kimelala juu ya mgongo wa kisu. Ndivyo washona vitabu wote tunavyoshika, la sivyo kisu huhama njia. Chiriku alikaa chini ya meza yangu tangu ana miaka mitatu, na kisu chake cha kwanza nilimshikisha mimi, kidole nilimlaza mimi, nikamwambia hivi, mwanangu, hivi.

Nikatazama saa. Saa saba na nusu.

Sijui nilipita barabara ipi. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki kwenye matope na sikurudi kukichukua. Niliogopa, na naliandika neno hilo kwa sababu ni kweli: niliogopa, mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni, na sikumwogopa Chiriku.

Jirani alikuwa uani kwangu, kwenye mvua. Chiriku alikuwa chini, ameegemea magoti ya jirani, mweupe mwili mzima kwa chokaa ya dari, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ile pasi nzito ya mkaa ya jirani ilikuwa sakafuni, na karibu yake komeo, misumari yote minne imeng'oka. Dari yote imelala kitandani. Jirani alikuwa amesikia mtoto anaita kupitia ukutani, akaja, akakuta kufuli, akapiga kwa kilichokuwa mkononi.

Nilingoja anitukane. Alinitazama tu.

"Komeo liko nje," alisema. "Dada, komeo liko nje."

Ufunguo ulikuwa bado mfukoni.

Hospitali waliuliza imekuwaje. Nikasema dari. Leo asubuhi wamemfunga plasta mpaka begani. Alipoamka alitazama pembeni, akaniona, akafikiri kidogo.

"Mamkubwa," alisema, "naomba maji."

Mimi kweli ni mamkubwa wake, dada wa mama yake. Hajakosea. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuniita hivyo.

Nikampa maji.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepeleka ule mkunjo kwa mwalimu wa fasihi. Nimemwambia nilivyokosea. Aliusoma amesimama, kwenye korido, na wanafunzi wanampita. Akasema basi hakuwa amechanganya. Akaniuliza kwa nini sikuushona, nikamweleza ile sheria. Akasema ni sheria nzuri. Nadhani alikuwa ananihurumia, na sikuona sababu ya kuhurumiwa.

Chiriku yuko kwa jirani. Analala chumba cha cherehani. Sijaalikwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimpelekea nguo. Jirani alinifungulia na kurudi kwenye kazi yake bila kunikaribisha kiti. Nilisimama. Nilimwambia Chiriku habari za mama yake na baba yake, zote, tangu kijiko hadi barua ya gereza. Nilidhani itachukua muda mrefu. Ilikuwa maneno machache.

Akasema alijua tangu darasa la tatu, mtoto wa muuza mkaa alimwambia. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona mimi ndiye nisiyeweza kuvumilia.

Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza. Nilitoa daftari hili kwenye kikapu, nikaliweka kwenye mapaja ya Chiriku. Nikamwambia hii ndiyo orodha ya vitabu vilivyolowa.

Kuanzia hapa naandika kwenye karatasi za kazini. Nitazishona baadaye, akilirudisha. Asiporudisha, basi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua nyepesi. Hakuna habari.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwangua matundu ya misumari kwa kisu na kuyaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Bado yanaonekana.

Jumanne, 29 Aprili

Jirani ameleta daftari, limefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Akasema mtoto alilisoma siku tatu, akalia siku moja, kisha akala sana. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, jirani akakaa kwenye kiti changu. Akasema, "Siku ile ya homa, ile supu aliinywa nani?"

Nikasema mimi. Akatikisa kichwa. Akasema afadhali haikumwagwa.

Ndani ya daftari sikukuta alama yoyote. Nimelisoma mwenyewe tangu mwanzo. Nilidhani nitakuta mtoto wa ajabu na mwanamke anayemtazama. Nimekuta mwanamke wa ajabu.

Jumamosi, 3 Mei

Fundi amemaliza dari. Leo Chiriku alikuja kutazama. Aligonga mbao mpya kwa ncha ya fagio, akazunguka chumba chote. Akasema atarudi kukaa, kwa sharti moja: komeo, kwa ndani.

Nimelipigilia mwenyewe. Lile lile la kaka. Misumari minne mipya.

Jumatano, 7 Mei

Analala kwake. Namsikia anafunga. Sauti ya komeo ni ndogo. Kila nikiisikia nahisi kitu, sijui jina lake, lakini nakihisi.

Bado ananiita Mamkubwa.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya nne bila mvua. Kaka amekuja na mwavuli mkavu, tukae tuamue.

Alikuta daftari mezani limefumuliwa, mikunjo imetawanyika, uzi wa zamani umo sakafuni. Jana Chiriku aliniuliza kama ukurasa unaweza kuongezwa kwenye kitabu kilichokwisha kushonwa. Nikamwambia mwishoni ni rahisi, unaubandika kwa gundi. Akasema hataki mwishoni, anataka mbele, kabla ya neno langu la kwanza. Nikamwambia mbele ni lazima kufumua chote. Akasema, "Fumua."

Kaka akauliza litasomeka lini. Nikamwambia likishapata ukurasa wa kwanza. Akasema mimi ni mtu mzima, niache michezo, mvua zimekwisha, ngazi zile sote tunazijua, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Nyoka yupi, kaka?" nilisema. "Aliyefunga mlango ni mimi. Aliyeleta kufuli ni wewe. Sisi ni wa baba mmoja."

Aliitazama ile mikunjo iliyotawanyika. Nadhani alikuwa anatafuta mpaka upitie wapi. Alinywa chai yake yote, akaaga kwa adabu, akasahau mwavuli.

Uamuzi, kwa kuwa daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya uamuzi: Chiriku anabaki. Si kwa sababu nimethibitisha lolote.

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Nimeanika magodoro.

Chiriku ameleta ukurasa wake. Ameuandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado una plasta, na herufi zote zimelala. Hauna tarehe. Hauna namba. Nimetoboa matundu, nimepitisha uzi, nimeushona mbele, na mshono umekaa vizuri kuliko wowote niliowahi kushona. Ingawa atakayefungua daftari lenyewe atausoma kabla ya maneno yangu, naunukuu hapa kwa ajili yangu mwenyewe tu:

"Kisu nilikipeleka kunolewa kwa sababu ulikilalamikia, na Jumamosi ilikuwa siku yako ya kuzaliwa. Nilingoja ufurahi. Ukauliza nani ameshika mkoba wako.

Jikoni nilikuwa nacheka kwa sababu mwalimu alivaa viatu viwili tofauti.

Dari nilikuambia.

Yule wa ngazini nilimsukuma kweli. Hilo liache kama ulivyoliandika."